Pande Mbili Zilizokuwa za Mti

Laiti siku ile ningemwambia msimamizi wa ploti yetu, "Hapana, siwezi." Nilikuwa na umri wa kuyatamka maneno hayo na mdomo wa kuyatamkia. Badala yake nilisema, "Ndiyo, naweza," nikapokea panga lake fupi, nikauchuna mti wa ober uliosimama mbele ya nyumba yetu. Niliuchuna gome kuuzunguka wote. Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba nilikuwa mtoto. Ni kweli nilikuwa mtoto, lakini mtoto aliyekwisha kuambiwa.

Sikuwa nimepanga kuyaandika haya. Juzi mjukuu wangu alishikwa na kikohozi, na mke wangu akarudi kutoka soko la Kibuye na kifurushi cha gazeti. Nilikuwa nimeketi sebuleni nikisikiliza redio harufu iliponijia kutoka jikoni. Gome la ober likichemka hunuka uchungu na udongo kwa pamoja, kama chungu kipya kinapotiwa maji kwa mara ya kwanza. Nilizima redio. Mke wangu alichungulia akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, ni harufu tu.

Wenzangu mliokulia Kisumu ya mabati hamhitaji kuelezwa jua la mwezi wa kwanza na wa pili. Chumba chetu kilikuwa cha mabati juu na pembeni, kimoja katika safu ya vyumba vilivyofanana, na jua lilipopanda mabati yalianza kulia, tak, tak, yakijinyoosha. Ziwa lilikuwa karibu kiasi cha kusikia honi za meli, lakini upepo wake ulitufikia ukiwa umechoka, umegonga kuta za watu wengine njiani.

Kati ya ukuta wetu na barabara ndipo uliposimama ule mti. Ober hutandaza matawi yake mbali, majani yake ni madogo madogo, na gome lake ni jeusi lenye magamba kama ya samaki mzee. Wakati wa kiangazi mbegu zake hukaukia ndani ya vifuko bapa, na upepo ukivitikisa hulia kama kayamba. Barabara nzima, toka kwetu hadi karibu na bandari, hapakuwa na mti mwingine wa kumfunika mtu.

Mti ulikuwa mmoja na watu walikuwa wengi, kwa hiyo kivuli kilikuwa na sheria zake. Asubuhi kililala upande wa barabara, na hapo kilikuwa cha wauza chai na uji. Adhuhuri kilikusanyika chini ya shina kikawa kidogo kama mkeka, na hapo kilikuwa cha hamali wa mikokoteni na mama yeyote mwenye mtoto mchanga. Alasiri kilihama kikaja upande wetu, kikapanda ukuta, kikafunika paa letu, nasi wa ploti tukapumua. Watu walihama pamoja nacho. Aliyesimamia haya yote alikuwa Mama Zuhura, muuza mandazi, Mwislamu wa mjini ambaye babu yake alitoka pwani akiifuata reli. Hakuna aliyemchagua. Alikuwa na sauti tu.

"Wewe Otieno, ondoka hapo," alimwambia hamali mmoja mpenda usingizi. "Jua limesogea, nawe sogea."

"Kwani Mama Zuhura umenunua hii kivuli?"

"Ningekuwa nimekinunua, wewe ungelala juani mwaka mzima."

"Basi niachie kichwa ndani. Miguu nitaweka kwa jua."

"Kichwa ndicho kinachokoroma! Toa kichwa, uache miguu."

Watu wote walicheka, Otieno naye akicheka huku akivuta mkokoteni wake. Na kweli alisogea. Sikuwahi kuona mtu akimkatalia.

Mimi nilikuwa na swali moja lililonikaa kichwani kama kupe: baridi ya chini ya ule mti ilitoka wapi? Kwamba jua lilizuiwa na majani, hilo nililiona. Lakini hata paa letu lilizuia jua, na ndani yake tulichemka. Kwa hiyo mti ulikuwa na kitu ambacho paa halikuwa nacho. Asubuhi moja nilichota mafuta ya kupikia kwenye mkebe wa mama yakiwa bado yameganda, nikaweka donge moja juu ya kifuniko dirishani kwetu na donge jingine juu ya kifuniko penye mizizi ya mti. Mchana ule la dirishani lilikuwa maji, sisimizi wanaogelea humo. La mtini lilikuwa limekaa palepale, jeupe, na alama za vidole vyangu bado zinaonekana. Mama aligundua mafuta yamepungua, nikapata kofi. Kofi nimelisahau. Lile donge jeupe bado naliona.

Wakati huo baba alikuwa tarishi bandarini. Siku moja alitumwa apeleke bahasha Milimani, akanichukua. Tulipoanza kupanda barabara ile nilihisi ngozi yangu imebadilika. Miti ilikuwa pande zote mbili, imeshikana juu ya vichwa vyetu, na kila ua ulikuwa na miti yake mingine ndani, na chini ya miti hiyo hapakuwa na mtu hata mmoja. Hilo lilinishangaza kuliko baridi yenyewe. Kwetu mti mmoja uliwatosha watu wasiohesabika. Huku kivuli kilikuwa kimelala peke yake kwenye majani, hakuna wa kukiambia kisogee.

"Baba, hii baridi ya huku inatoka wapi?"

"Watu wa huku wanailipia."

"Wanamlipa nani?"

"Tembea."

Nikaamini. Kama maji yalilipiwa na kuletwa kwa bomba, baridi nayo ilikuwa na bomba lake. Baba alipokuwa akitoa bahasha, nililikuta bomba penye ua, nikainama nikaweka sikio. Mlinzi wa geti akanikuta hivyo.

"Wewe kijana, unasikiliza nini hapo?"

"Baridi."

Alicheka hadi akashika geti. "Wuod Nyakach," akamwita baba kwa jina la kwao, "kuja uchukue mtoto yako, anataka kuiba hewa!"

Baba alinishika mkono akanivuta hadi nyumbani. Bomba lilikuwa kimya, hilo nililithibitisha. Nikabaki na mti.

Jibu nililipata kwa mtungi. Mama alikuwa na mtungi wa udongo pembeni mwa chumba, na maji yake yalikuwa baridi hata nyakati ambazo sisi tulikuwa tunaloa jasho. Nilimwuliza, akaniambia mtungi hupumua kupitia ngozi yake, na ndiyo maana haupakwi rangi. Basi, nikajiambia, mti ni mtungi mkubwa. Baridi imo ndani, na gome ndiyo rangi inayoizuia isitoke. Mtu akicheka hoja hii sitamlaumu. Ila nasema ilikuwa hoja, nilikuwa nimeijenga mwenyewe, na niliipenda.

Katika kiangazi kilekile akazaliwa dada yangu Akinyi. Alizaliwa kabla ya siku zake, ngozi yake nyembamba hata mishipa ikaonekana, na sauti yake ilikuwa ya paka mdogo. Muuguzi wa kliniki alimwambia mama wazi: huyu mtoto baridi ya asubuhi ataiweza, lakini joto litamshinda, mtafutie mahali pa kupoa. Palikuwa na mahali pamoja tu. Kuanzia adhuhuri mama alimlaza kwenye khanga chini ya ober, na Mama Zuhura akawapangia hamali upande mwingine wa shina. Otieno, ambaye hakumwogopa mtu, alijifunza kukoroma polepole. Kivuli kilipovuka, mama alivuka nacho akarudi naye ndani, kwa kuwa wakati huo paa nalo lilikuwa limepoa. Hivyo ndivyo Akinyi alivyoishi, akihama kufuata kivuli.

Alipopata kikohozi, mama alimchemshia gome la ober kama alivyofanyiwa yeye kwao. Alinichukua nimshikie kibuyu. Kwa kisu kidogo alibandua kipande cha ukubwa wa kiganja upande jua linapotoka, akazunguka akabandua kingine upande jua linapotua. Kisha akachukua matope na samadi, akaviziba vidonda vile kama anavyompaka mtoto mafuta.

"Mbona hutoi huku na huku?" nikauliza.

"Hizo pande mbili si zetu, nyathina, mwanangu. Ni za mti mwenyewe."

"Mti unazifanyia nini?"

"Wewe na maswali yako! Nilikuta ikifanywa hivi. Mtu hali mpaka sahani."

Kabla hajaziba kidonda cha pili nilikuwa nimekwisha kukigusa. Mbao ya ndani ilikuwa nyeupe, imelowa, na baridi kama sakafu ya kanisa. Nilikuwa nimekuta mlango.

Msimamizi wa ploti alikuwa mtu wa kucheka na watoto. Mwenye nyumba aliishi Milimani, nasi hatukumwona, tulimwona huyu. Aliniita Profesa kwa sababu ya maswali yangu, nami nilipenda kuitwa hivyo. Wakubwa walijua kwamba mwenye ploti alitaka kuongeza vyumba mbele, na kwamba mti ulikuwa umesimama palepale vyumba vilipotakiwa. Siku msimamizi alipokuja na msumeno, Mama Zuhura alikuwa amekaa juu ya mizizi, akamwambia aanze na yeye. Hamali walisimama nyuma yake. Msumeno ulirudi ulikotoka. Haya niliyaona kwa macho yangu, na bado sikuyaunganisha na yaliyofuata.

"Profesa," aliniita siku moja nikiwa peke yangu. "Nasikia unatafuta baridi."

"Nimeipata. Iko ndani ya mti. Pale mama alitoa gome pako baridi kushinda mahali pengine."

Alinitazama kidogo. Leo ningeujua mtazamo ule. "Sasa ukitoa kidogo, si itatoka kidogo?"

"Itatoka kidogo."

"Na ukitoa yote, hapa chini, mzunguko mzima?"

Nikasema, "Mama anasema pande mbili ni za mti."

"Mama yako ni mtu wa kitambo. Wewe si ndiye Profesa? Na huyo mtoto wenu anaumia na joto. Mimi pia nahitaji hiyo gome, niko na mgonjwa nyumbani. Tusaidiane. Lakini usiambie hawa wamama, unajua kelele yao. Utaweza?"

"Ndiyo, naweza."

Shida ilikuwa kwamba mti haukuachwa peke yake. Siku za kazi walikuwapo wote. Jumapili Wakristo walikwenda kanisani, lakini Mama Zuhura na Waislamu wenzake walikuwapo. Ijumaa Waislamu walikwenda msikitini, lakini wengine walikuwapo. Mwaka ule Idd iliangukia Jumapili. Asubuhi hiyo barabara ilikuwa tupu: wa kanzu wamekwenda upande mmoja, wa kwaya wamekwenda upande mwingine. Nilisema tumbo linaniuma, mama akaniacha. Msimamizi aliniletea panga na gunia, akaenda kusimama mbali penye kona.

Gome lilitoka kwa urahisi, vipande virefu vyenye mlio wa nguo inayochanika. Nilianza pande ambazo mama alizigusa. Nilipofika upande wa kwanza wa mti mwenyewe, nilisimama. Nakumbuka nilisimama. Kisha nikamfikiria Akinyi analala usiku mzima bila kulia, na watu wote wakiniuliza nimefanyaje, nikaendelea hadi mwisho ukakutana na mwanzo. Niliweka shavu kwenye mbao ile nyeupe. Ilikuwa baridi kweli. Nilifurahi, nisidanganye, nilifurahi sana. Kisha nikapaka matope na samadi pote, kama mama, msimamizi akalipitia gunia lake na kuondoka.

Mama Zuhura alirudi kutoka kuswali akiwa na buibui jipya, akaona shina limepakwa.

"Mashallah! Nani aliyeukumbuka mti leo? Amepaka dawa ya mchwa?"

"Mimi," nikasema.

Aliniletea sahani ya pilau, iliyojaa, na nyama juu. Nikaila yote.

Baada ya wiki kadhaa nilimfuata kuku nyuma ya choo, nikaliona gunia. Lilikuwa limetupwa kwenye majani, gome limo ndani limeoza, hakuna mgonjwa yeyote aliyelinywa. Hapo ndipo utoto wangu ungenitetea kama ningekwenda moja kwa moja kwa mama. Sikwenda. Labda kulikuwa na dawa ya kuuokoa mti, labda hapakuwa na dawa tena. Sikumpa mtu nafasi ya kujua. Mti ulikuwa bado wa kijani, nami nikauegemea ule ukijani wake.

Na mvua zilipokuja, mti ulichanua. Ulichanua kama haujawahi kuchanua, maua meupe yenye nyuzi nyekundu hadi barabara ikanukia, na baada ya maua vifuko vya mbegu vikaning'inia kwa maelfu. Nyuki walijaa. "Mti umefurahi," alisema Mama Zuhura. Mimi nilitembea kifua mbele. Nilijiambia gunia si kitu. Hoja yangu ilikuwa sahihi.

Ilinibidi ningoje hadi sekondari kuujua ukweli wa maua yale. Mwalimu wa baiolojia alichora shina ubaoni, akatuonyesha maji yanapanda kwa ndani ya mbao, na chakula kinashuka kutoka majanini kupitia gome kwenda kulisha mizizi. Ukikata gome mzunguko mzima, alisema, juu patakunywa na chini patakufa njaa. Mti hautakufa leo. Ukihisi unakufa utaweka nguvu zake zote katika mbegu. Niliomba ruhusa nikatoka nje ya darasa, nikasimama ukutani. Nikaelewa kwa nini mama alizikataza pande zile mbili. Naye hakuwa ameketi darasani hata siku moja.

Kiangazi kilichofuata maua yale, ober ulipukutisha majani, kama kawaida yake. Mvua ziliporudi haukuchipua. Watu walingoja. Mama Zuhura alikuwa akiumwagia maji aliyooshea vyombo, kila siku kabla ya kufunga biashara, akiusemesha kwa sauti ya chini. Siku moja Otieno alikwangua tawi kwa ukucha, likaonekana la kahawia hadi ndani.

"Imekataa, Mama," akasema. Siku hiyo hakufanya mzaha.

Walipokuja na msumeno mara hii, hakuna aliyekaa juu ya mizizi. Nani angeutetea mti uliokufa wenyewe? Msimamizi alinipita akanisalimu, "Profesa," nami nikaitikia. Vyumba vipya vilijengwa hadi ukingoni mwa barabara, vya mabati. Wauza chai walitawanyika. Mama Zuhura alijaribu baraza la duka moja, akafukuzwa, akahamia nyingine. Otieno akawa analala chini ya mkokoteni wake mwenyewe, ambao ulifunika kichwa tu.

Na alasiri jua liliupiga ukuta wetu bila kuzuiwa na kitu. Mama alimfunika Akinyi kwa kitambaa kilicholowa, kikakauka kabla hajamaliza kuimba wimbo mmoja. Mtoto alitoka vipele mwili mzima. Siku moja alilegea mikononi mwa mama, macho yamerudi juu, na majirani wakakimbia na maji. Alizinduka. Jioni ile baba alirudi kutoka kazini akakuta mama ameketi nje, hataki kuingia.

"Hii nyumba itanimalizia mtoto," mama alisema.

"Enda naye nyumbani Katito. Huko kuna miti. Kijana atabaki, shule yake iko hapa."

Walikubaliana upesi hivyo, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Asubuhi mama alifunga nguo zake kwenye shuka. Mtungi aliuacha.

"Mama, utarudi lini?"

"Jua likipungua, nyathina."

Nilimwelewa vibaya. Nilidhani anazungumzia majira. Mvua za kwanza zilipoanguka juu ya mabati nilifagia chumba, nikajaza mtungi maji, nikakaa mlangoni. Mvua ile ilipita, na zilizofuata zikapita. Akinyi alipata nguvu kule nyumbani, mama akalima, akazaa watoto wengine, baba akazoea kwenda na kurudi. Kwetu ploti jua halikupungua.

Likizo nilikwenda kwao. Nasema kwao, ijapokuwa ni nyumbani kwetu. Mara ya kwanza mama alinipokea kwa kilio na kunishika uso. Lakini miaka ilipita, na kuna likizo moja nilifika nikakuta amenitandikia kiti cha wageni, na jioni akanichinjia kuku. Jaluo yeyote anajua kuku huchinjiwa nani. Akinyi, msichana mnene mwenye afya, alinimiminia maji ya kunawa akipiga goti kidogo, macho chini, kama anavyofanyiwa mtu aliyetoka mbali. Nikala. Mama akakaa pembeni akaniuliza habari za mjini.

Mama alikufa akiamini ober uliuawa na mchwa. Alikuwa akiusifu hadi uzeeni, akisema ndio uliomlea Akinyi. Nilikuwa na nafasi nyingi za kumwambia, nami kila mara niliacha ipite.

Juzi nilipoinywa kidogo ile dawa ya mjukuu, kuonja tu, nilihesabu gharama yangu bila kujificha. Akinyi aliishi, nami nashukuru. Mimi nilisoma hadi kidato cha nne kama baba alivyotaka. Lakini tangu asubuhi ile nguo zilipofungwa kwenye shuka, sikuishi tena nyumba moja na mama yangu, na hakuna aliyetutenganisha ila mimi.